Mtabiri alinitajia ya kweli: je, alijua ghaibu?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nilimwendea mtu anayedai kuona yaliyofichika. Hanijui, lakini alinitajia kuwa nimefiwa na mtu wa karibu, na ni kweli. Akasema mchumba wangu ana jambo ananificha, nisiolewe mwaka huu. Yeye na watabiri mashuhuri wa zamani wanajuaje? Na nimesikia swala yangu haikubaliwi siku arobaini: niswali, au ningoje ziishe?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah. Nianze na la mwisho, maana halingoji. Endelea kuswali, binti yangu, wala usiache hata rakaa moja. Hadithi uliyoisikia imo katika Sahihi Muslim, na Imam Nawawi amefafanua kuwa anayekwenda kuuliza hukosa thawabu, ila faradhi imemwondokea na halazimiki kuirudia. Anayeacha kuswali kwa hoja hiyo amejiongezea dhambi kubwa zaidi. Kumsadiki mtu huyo kuwa anajua ghaibu ni zito mno: imepokewa kuwa afanyaye hivyo amekufuru yaliyoteremshwa kwa Muhammad (s.a.w.). Basi tubu.

Sasa hilo la "lakini alisema kweli". Hata Mtume (s.a.w.) aliulizwa hivyo hivyo. Bibi Aisha amepokea kuwa watu walimuuliza kuhusu makahini, yaani watabiri, akasema si lolote. Wakasema, mbona mara nyingine wanapatia? Akajibu kuwa neno hilo la kweli hulinyakua jini, akalitia sikioni mwa rafiki yake kahini, nao wakalichanganya na uongo zaidi ya mia. Hakukana kuwa wanapatia. Alichokana ni kuwa wana elimu. Na huyo jini naye ghaibu haijui: majini walibaki wakitaabika kazini ilhali Nabii Sulayman ameshafariki, ameegemea fimbo yake, hadi mdudu alipoila akaanguka (Saba, 34:14).

Tena mara nyingi hata jini hahitajiki. Mtu mzima gani hajafiwa? Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, alimpa kila mwanafunzi wake maelezo ya tabia yake. Wakayapa usahihi wa wastani wa zaidi ya alama 4 kati ya 5, kumbe wote walipewa maneno yale yale! Akina dada Fox, nao wa Marekani, walianza mwaka 1848 kudai kuwa wafu wanawajibu kwa kugonga. Mwaka 1888 Margaret alipanda jukwaani New York akaonyesha kuwa milio ile ilitoka kwenye viungo vya vidole vyake vya miguu. (Baadaye akaikana kauli yake, lakini watu walikuwa wameshaisikia hiyo milio.) Ama Nostradamus, mtabiri wa Ufaransa aliyechapisha kitabu chake cha utabiri mwaka 1555, aliandika mafumbo, na wafuasi wake huyafumbua tukio likishapita.

Kuhusu mchumba wako, hiyo ni dhana mbaya juu ya Muislamu, imetoka kwa asiye na ushahidi. Ukiwa na shaka muulize mwenyewe, walii wako (msimamizi wa ndoa yako) awaulize wanaomjua, nawe uswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu akuchagulie lililo kheri. Tarehe mliyopanga msiisogeze kwa ajili ya mtabiri. Na kama ulimlipa, ujira wa kahini ni haramu kwake, lakini usirudi tena mlangoni pake kwa kisingizio cha kuudai.

Wallahu aalam.