Unayetaka kupanda kilele peke yako, jifunze kwanza kushuka

Mara ya kwanza nilirudi nikiwa nimebakiza kama mita 80 tu kufika kileleni. Nguvu nilikuwa nazo. Kosa ni kwamba nilifuata mpasuko wa mwamba usio wenyewe, ukungu ukatanda, na nilipotazama chini nikatambua kuwa pale nilipopita kwa kujivuta kwa mikono, sijui nitapashukaje. Mita 15 hivi zilinila karibu saa nzima, kifua kimegandamana na jiwe, mguu ukipapasa pa kukanyaga.

Kwa hiyo wewe unayeanza, hasa ukienda bila mwenzako wala kamba, usipande mahali usipoweza kupashuka. Ukipanda, pa kushika unapaona kwa macho. Ukishuka, unachokitafuta kimejificha chini ya nyayo zako. Siku hizi kila sehemu ngumu naipanda, naishuka, ndipo naipanda tena. Unachelewa, ni kweli, ila unajua mlango wa kutokea uko wazi.

Mikono na miguu ni viungo vinne: vitatu vishike, kimoja ndicho kisogee. Jiwe ligonge kwa kiganja kabla ya kulitwisha uzito wako. Likitoa sauti ya uwazi, liache.

Halafu kuna saa. Mpanda milima Mskoti William Naismith aliweka kanuni ya kukadiria muda wa safari mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni ya mtembeaji. Penye kutumia mikono mimi huongeza tena, na kwa anayeanza ningesema ongeza bila aibu. Safari ya kwanza sikupiga hesabu yoyote. Ya pili niliondoka alfajiri, nikajiwekea saa sita mchana: nisipofika, nageuka.

Mwachie mtu karatasi yenye njia yako na saa ya kurudi. Beba filimbi ya kuomba msaada: mipulizo sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Ukisikia mitatu, umejibiwa.

Pale nilipokosea nilipakuta vilevile. Mpasuko wa kushoto ulivutia kwa upana wake; wa kulia, mwembamba, ulikuwa na mawe yaliyong'arishwa na viatu vya waliotangulia. Nikashika wa kulia. Saa tano na dakika kumi nilikuwa juu. Nikanywa maji, nikatazama mawingu yaliyoanza kujikusanya, nikageuzia uso mwambani na kuanza kulitafuta kwa mguu jiwe la kwanza.