Maswali na majibu: Pedi ya joto kwenye SSD ya kompyuta ya gemu

Fundi, shikamoo. Nimetoa SSD (diski ya kuhifadhia data) ya GB 500 nikaweka NVMe (SSD nyembamba inayochomekwa kwenye mazabodi) ya TB 1, na pedi na bati la kupozea lililokuja na mazabodi. Nikipakua gemu kubwa joto linapita nyuzi 80, spidi inaanguka. Pedi ni feki? (Mwanafunzi, UDOM)

Marahaba. Usiilaumu pedi kwanza. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua bati na uligeuze. Pedi huja na nailoni nyembamba pande zote mbili. Ikiwa ya bluu utaiona, lakini isiyo na rangi imewaponza wengi, na mimi nimeshaikuta mara nyingi kwenye mashine ambazo tayari "zimetengenezwa". Pitisha ukucha kwenye kona. Pedi iliyomenywa hunata kidogo kidoleni, kama unga wa chapati uliokandwa vizuri. Ikiteleza, bado ina nailoni.

Pedi yenyewe haipozi kitu. Kazi yake ni kujaza nafasi iliyo kati ya chipu na bati, maana nafasi hiyo ikibaki na hewa, joto halipiti. Kwa hiyo tazama alama: pedi iliyogusa vizuri huwa imebonyea miraba ya chipu. Kontrola, ile chipu inayopata joto kuliko zote, isipoacha alama yake, hapo haijagusa. Na spidi kuanguka hakumaanishi SSD imekufa; inajipunguza yenyewe isiungue.

Dukani kuna pedi za milimita 0.5, 1 na 1.5. Nene si ndiyo bora? (Area D)

Hapana, ndugu yangu, na hapa ndipo watu wanapoharibu vitu vya gharama. Unene ukizidi, joto linasafiri mbali zaidi kufika kwenye bati. Baya zaidi, SSD ya 2280 ina upana wa milimita 22 na urefu wa 80, imeshikwa na soketi upande mmoja na skrubu moja upande wa pili. Ukiikandamiza na pedi nene, inapinda katikati kama ubao wa benchi. Nunua unene uleule wa pedi ya awali, na uupime pembeni ambako haikubanwa. Ukiona SSD imepinda baada ya kufunga, fungua siku hiyohiyo.

Nimebakiwa na pesti ya kupitisha joto ya prosesa. Naweza kuipaka badala ya pedi?

Usipake. Pesti ni ya nyuso mbili zinazobanana kabisa. Chipu za SSD hazilingani kimo, kwa hiyo baadhi zitabaki hewani.

Stika ya juu ya SSD niibandue kwanza? (Kondoa)

Iache. Kuibandua kunaweza kukupotezea waranti, na baadhi ya stika zina tabaka la shaba la kusambaza joto. Weka pedi juu yake.

Mimi natumia SSD ya SATA ya inchi 2.5. Nayo inahitaji pedi?

Haihitaji. Inaishia kama MB 550 kwa sekunde, wakati NVMe za kizazi cha 4 zinafika MB 7,000. Joto lake ni dogo.

Nakaa Nkuhungu, Dodoma, pembeni ya barabara ya vumbi. Pedi na bati vipo sawa, lakini kila ikifika Oktoba joto la SSD linapanda.

Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, chumba chenyewe kinakuwa tanuri. Bati linatoa joto kwenye hewa iliyo ndani ya kesi. Hewa hiyo ikiwa imesimama, pedi haina pa kulipeleka. Mara nyingi SSD imelala chini ya kadi ya grafiki, yaani jikoni kabisa. Inua kesi kutoka sakafuni, safisha chujio la mbele kila wiki, na unapopuliza vumbi shikilia feni kwa kidole isizunguke. Na kile kitambaa cha kufuma alichotandika mama juu ya kesi, mwombe akihamishie kwenye meza. Kimeziba matundu ambayo joto linapandia kutoka.