Jua yuko siku ya ngapi: kumsaidia rafiki aliye kwenye dripu za saratani

Mdogo wangu, pole kwa habari za rafiki yako. Umesema anaanza kemo, yaani dripu za dawa za saratani, hospitali ya Ocean Road wiki ijayo, mchango umeshatoa, na sasa hujui ufanye nini kingine. Mimi nimemuuguza rafiki yangu mwenye saratani ya matiti tangu dripu ya kwanza mpaka ya mwisho, wote tukiishi Kigamboni. Nakujibu kwa niliyoyaona na niliyoelekezwa na wauguzi.

Kwanza kabisa, jua yuko siku ya ngapi tangu atundikiwe dripu. Rafiki yangu alikuwa anarudi kila baada ya siku 21. Wengine ni wiki mbili, wengine kila wiki, inategemea dawa. Ndani ya muda huo hali hubadilika sana. Siku chache za mwanzo ni kichefuchefu na uchovu. Kuanzia kama siku ya 7 hadi ya 14, kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu hushuka kabisa, na hapo mwili hauna askari wa kuulinda. Baadaye anaanza kurudi, anakula, anacheka, halafu dripu nyingine hiyo. Sisi tunavyojua kuuguza, tunafurika wote wiki ya kwanza, na wiki ya pili, anapoonekana ana nafuu kidogo, ndipo mashangazi wanakuja na watoto wenye mafua. Chukua ratiba yake, iandike, ibandike ukutani, na kila mgeni apangiwe kwa ratiba hiyo. Mwenye kikohozi apige simu tu.

Hapa kwenye homa naomba usome taratibu. Dar mtu akichemka usiku tunasema malaria, tunakimbilia duka la dawa, tunanunua mseto na panadol, tunasubiri asubuhi. Kwa mtu wa kemo usifanye hivyo. Joto likifika 38, au akianza kutetemeka kwa baridi, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Maambukizi yanaweza kumzidi ndani ya saa chache wakati chembe nyeupe ziko chini. Panadol kabla ya kupima inashusha joto na kuficha hatari. Malaria watampima huko huko. Kwa hiyo kabla hajaanza mnunulie kipimajoto, ulizeni kliniki waende wapi usiku na wikiendi, hifadhi namba ya dereva wa bajaji au teksi anayepokea simu usiku, na tengeni nauli ambayo haiguswi. Mkifika, sentensi ya kwanza mapokezi iwe: "Huyu yuko kwenye kemo na ana homa." Msikae kwenye foleni mkiwa mmenyamaza.

Siku ya dripu yenyewe ni ndefu. Damu inapimwa kwanza, daktari anaangalia majibu, ndipo dawa inaandaliwa. Kuna siku mtaambiwa damu haijakaa sawa, mrudi baada ya wiki. Rafiki yangu alilia siku hiyo kuliko siku ya kupewa majibu ya ugonjwa. Kuahirisha ni kumlinda, mwambie hivyo. Na msianze kumnywesha rozela jagi zima, kwa sababu mara nyingi tatizo ni zile chembe nyeupe, na rozela haiziongezi.

Beba maji, sweta au mtandio, chaji ya simu, na ndoo ndogo yenye mfuniko kwa njia ya kurudi. Sisi njia ya karibu ilikuwa kushuka Feri tupande kivuko, lakini harufu ya soko la samaki ilikuwa inammaliza. Jirani mwenye gari akajitolea kutuzungusha Daraja la Nyerere. Msaada ule ulizidi bahasha nyingi. Na muuguzi akikwambia mkojo utakuwa mwekundu, usishtuke: iko dawa moja nyekundu yenye kufanya hivyo siku moja au mbili. Saa 48 za mwanzo anayefua nguo zenye matapishi au kusafisha choo avae glovu, hasa mkiwa nyumba ya kupanga yenye choo cha pamoja. Lakini saratani haiambukizi. Kumtengea sahani na kumkatalia mtoto asimkumbatie ni kumuumiza bure.

Chakula. Usimlazimishe. Zile kauli za "kula mama upate nguvu" zinamkera mtu ambaye harufu ya kitunguu kinachokaangwa inamtoa nje. Pika kwako, upeleke kikiwa kimepoa, kwa sababu cha baridi hakina harufu kali. Uji mwepesi, mtori, ndizi mbivu, viazi, kidogo kidogo mara nyingi. Akilalamika kila kitu kina ladha ya chuma, jaribu kijiko cha plastiki na ndimu kidogo, ila ndimu iache akiwa na vidonda mdomoni. Hapo ni kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi na mswaki laini. Pilau anayoipenda usimpikie siku za kichefuchefu, ataichukia moja kwa moja. Kachumbari, matunda yaliyokatwa barabarani, juisi ya miwa na maziwa yasiyochemshwa viwekwe kando. Vidonge vya kuzuia kutapika ameze kwa saa alizoandikiwa, asisubiri mpaka atapike.

Watakuja watu na mlonge, majani ya mstafeli, chupa zisizo na jina. Wanaleta kwa upendo, usigombane nao. Pokea, shukuru, weka kabatini, na hakuna kinachomezwa kabla daktari hajaambiwa, maana baadhi ya mitishamba hugongana na dawa au kulemea ini. Maombi yaendelee, kwa imani yoyote. Ila anayemwambia aache dripu kwa sababu ameombewa, huyo mlango afungiwe.

Sasa lile nililoona linamuuma kuliko kutapika: maisha kusimama. Rafiki yangu ana genge la mboga. Tuligawana, mmoja anafuata bidhaa alfajiri, mwingine anakaa gengeni mchana. Mwingine akabeba rejesho la kikoba ili asiingie kwenye faini, mwingine akawa anachukua watoto shuleni. Usimwambie "ukihitaji chochote niambie," hatasema. Mwambie: "Alhamisi nakuja kufua, na luku nimeshaweka." Kitu kikiwa na siku na jina, kinafanyika.

Kuhusu maneno, usimletee habari ya shangazi yako aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Nywele huanza kudondoka wiki ya pili au ya tatu kwa dawa zinazozidondosha. Muulize mapema kama anataka kunyoa mwenyewe kabla, na uamuzi uwe wake. Siku nyingine atataka tamthilia na umbea wa mtaani tu. Siku nyingine kimya. Uliza, "Nikae au niende?" na ukubali jibu.

Mwisho, jipangeni watu watatu au wanne, msimalize nguvu mwanzoni. Kufikia dripu ya nne kundi la WhatsApp limepoa na yeye ndiyo kwanza amechoka, kwa kuwa uchovu huongezeka kadiri mizunguko inavyokwenda. Hata akimaliza, ganzi ya vidole na uchovu vinaweza kubaki kwa miezi. Rafiki yangu bado hawezi kufunga vifungo vya blauzi vizuri, na asubuhi za kliniki ya marudio bado tunakwenda wawili.