Kabla hujampandisha kocha wa vijana timu kubwa

Kamati ya ufundi ikitaka kumpandisha kocha wa vijana awe msaidizi wa kocha mkuu, swali linaloulizwa kwanza ni kama ataiweza timu kubwa. Ni swali la haki, ila kwa klabu zetu za Tanga kuna jingine la kulitanguliza: vijana anawaachia nani?

Kocha aliyekaa na watoto misimu mitatu ana mambo kichwani ambayo hayajaandikwa popote. Anajua nani analalamika goti kwa sababu anarefuka, si kwa uvivu. Anajua nani alitolewa winga akapelekwa beki wa kulia, na kwa nini. Anajua nani yuko kidato cha nne, kwa hiyo kuanzia Oktoba mazoezi yake yapungue maana mtihani wa taifa ni Novemba. Akihama Jumatatu, mrithi akaja wiki inayofuata, hayo yote yanaondoka naye. Wazazi wanaanza kuwazuia watoto, wenye vipaji wanaonekana viwanja vingine, na klabu inakuwa imepata msaidizi mmoja kwa bei ya kikosi kizima cha U-17, yaani vijana chini ya miaka 17.

Mji huu unaijua thamani ya kijana. Bakari Mwamnyeto aliondoka Coastal Union kwenda Yanga mwaka 2020 akiwa nahodha. Abdul Suleiman "Sopu" aliwafunga hao hao Yanga mabao matatu kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2022 akiwa na jezi ya Coastal, kisha akachukuliwa na Azam. Klabu ya mkoani isiyo na fedha za Kariakoo inaishi kwa wachezaji kama hao. Ukiivuruga timu ya vijana ili kuziba pengo la benchi, umekula mbegu.

Kwa hiyo makabidhiano yaanze wiki sita kabla. Kila mchezaji awe na ukurasa wake kwenye daftari: tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, mguu anaoutumia, nafasi mbili anazoweza kucheza, shule na darasa, simu ya mzazi, majeraha ya miezi 12 iliyopita, na jambo moja tu analofundishwa sasa hivi. Vijana 25 ni kurasa 25, kazi ya wiki mbili kwa mtu anayewajua. Wiki mbili za kwanza mrithi aangalie, mbili zinazofuata wagawane mazoezi nusu kwa nusu, mbili za mwisho mrithi aongoze na kocha wa zamani akae mbali na uwanja, asiongee. Wazazi waitwe kikao kimoja, wamwone mrithi kwa macho. Nakala za vyeti vya kuzaliwa na fomu za usajili zikae ofisini kwa katibu, siyo kwenye mkoba wa kocha. Dirisha la usajili likifunguliwa na mkoba haupo, kijana anakosa msimu mzima.

Leseni nayo iangaliwe mapema. Ngazi za leseni za CAF, Shirikisho la Soka Afrika, ni D, C, B, A na Pro, na kanuni za ligi zinataja ngazi inayotakiwa kwa kila kiti cha benchi la ufundi. Soma kanuni za msimu husika, siyo za msimu uliopita. Kozi hazifunguliwi kila mwezi, hivyo kocha ambaye leseni yake haijatosha aandikishwe kozi kwanza, apandishwe baadaye. Kumwandika kwa cheo kingine ili apate tu pa kukaa ni kumpeleka kwenye adhabu.

Mpe kazi moja iliyo yake

Watu wanapenda mfano wa Guardiola, aliyetoka Barcelona B mwaka 2008 akapanda na Busquets na Pedro. Lakini Guardiola alipanda kuwa kocha mkuu, neno la mwisho lilikuwa lake. Mtu wako anakwenda kuwa msaidizi. Jana alikuwa anapanga kikosi, leo anapanga koni. Asipopewa eneo analolimiliki, ndani ya miezi miwili atabaki kuokota mipira na kugawa vizibao, na maarifa uliyomfuata yatalala.

Eneo linalomfaa zaidi ni wachezaji wasiocheza. Chukua mechi ya Jumamosi. Jumapili waliocheza dakika 60 na zaidi wananyoosha viungo na kupumzika, na kwenye klabu nyingi wasiocheza nao wanapumzishwa kwa sababu hakuna wa kuwashughulikia. Hapo ndipo misuli ya nyuma ya paja inapoanza kusubiri kukatika. Mchezaji anayeingia dakika kumi kila wiki hakimbii kwa kasi ya mechi, kisha siku moja beki namba moja anapata kadi nyekundu naye anatakiwa acheze dakika 90.

Dawa yake ni kipindi cha dakika 60 hadi 75 Jumapili hiyo hiyo, kianze saa 1 asubuhi kabla joto na unyevu wa pwani havijapanda. Wanne kwa wanne pamoja na makipa, uwanja wa mita 30 kwa 20, dakika nne mara nne, mapumziko ya dakika mbili kati ya kila moja. Halafu mbio ndefu za mita 60, mara sita hadi nane, kwa kasi inayokaribia ya juu kabisa, kila mtu arudi kwa kutembea. Uwanja mdogo peke yake hautoshi, maana ndani yake hakuna nafasi ya mtu kufikia kasi yake kamili. Wengi wanakosea hapo: wanachezesha mpira mdogo, jasho linatoka, wanadhani kazi imekwisha.

Safari ndizo zinazomfanya mtu huyu awe wa lazima kwetu. Timu ikienda Bukoba au Mbeya inaondoka na wachezaji ishirini hivi kwa siku nne au tano. Waliobaki Tanga wanafundishwa na nani? Abaki nao yeye. Awachanganye na sita au saba wa U-20, wafanye mazoezi kwa ratiba ile ile ya timu iliyosafiri, na jioni ya mwisho wacheze mechi ya kirafiki ya dakika 60. Kijana wa U-20 anayekabana na beki mwenye miaka 29 mara tatu kwa mwezi anajifunza jambo ambalo ligi ya vijana haiwezi kumpa. Na huyo mwenye miaka 29, aliyeachwa safarini kwa hasira, anapata mtu wa kumweleza kwa nini.

Kazi ya pili inaweza kuwa kona na mipira ya adhabu, dakika 15 hadi 20 siku moja kabla ya mechi. Ila asipewe kazi zote mbili kwa mpigo. Aanze na wasiocheza. Mipira iliyokufa aongezewe baada ya mechi kumi hivi.

Tabia zinazobadilika

Kwa watoto, kocha husimamisha zoezi kila dakika tatu, aelekeze, wacheze tena. Wakubwa hawavumilii hilo. Ndani ya dakika 15 asisimamishe zaidi ya mara mbili. Mengine ayaseme wakati wa maji, kwa mtu mmoja mmoja. Kosa la mchezaji mwenye watoto nyumbani halitangazwi mbele ya kundi zima, na anaitwa kwa jina, siyo "dogo".

Kuna na lile la "vijana wake". Akiwapandisha wawili aliowalea, wakongwe watahesabu kila pasi anayowasifia. Njia rahisi ni hii: kuhusu hao wawili, taarifa ya utayari wao itolewe na kocha mwingine wa benchi, yeye aulizwe mwisho.

Siku ya mechi kuna sheria za kusomwa tena kabla hajakaa benchi. Mtu mmoja tu kwa wakati ndiye anayetoa maelekezo ya kiufundi akiwa amesimama eneo la benchi. Wasaidizi wengi wapya wanainuka pamoja na kocha mkuu bila kujua. Maofisa wa benchi wanapewa kadi kama wachezaji, na mwamuzi asipomtambua aliyekosa, kadi inamwangukia kocha mwenye cheo cha juu aliyepo. Kelele za msaidizi zinaweza kumtoa kocha mkuu nje. Mabadiliko nayo: kwenye mechi za watoto mara nyingi aliyetoka huruhusiwa kurudi. Huku ni wachezaji watano ndani ya nafasi tatu za kusimamisha mchezo, mapumziko hayahesabiki. Ukimtoa mmoja mmoja mara tatu, wawili waliobaki utawaangalia tu.

Tena, Tanga ni mji wa baraza. Kocha wa vijana amezoea kunywa kahawa Ngamiani na kusema kila kitu, kwa kuwa hakuna aliyeulizia kikosi cha U-17. Sasa atasimamishwa njiani na wanachama, wazee wa klabu na jamaa zake: nani anaanza, nani anaumwa? Aendelee kunywa kahawa yake, hakuna haja ya kujificha, ila jibu liwe moja kwa wote: "Muulizeni kocha mkuu." Likivuja jina moja la kikosi, atashukiwa yeye kwanza hata kama hakusema.

Nani anamchagua, na lini

Kocha mkuu ndiye amwombe. Uongozi ukimleta bila yeye kuulizwa, ataonekana mtu wa viongozi, na hakuna kocha atakayezungumza mbele yake. Mpelekeeni majina mawili, achague. Kabla ya hapo mtu huyo ahudhurie mazoezi ya timu kubwa mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, aongoze zoezi la dakika 20, na amchunguze mpinzani mmoja kwa ukurasa mmoja wa maandishi. Wakati mzuri ni maandalizi ya msimu. Wakati mbaya ni baada ya kufungwa mechi nne mfululizo, kwa sababu wachezaji watamwona ni mtu aliyeletwa kusubiri kiti cha kocha mkuu.

Mkataba uwe kati yake na klabu, usifungwe kwenye mkataba wa kocha mkuu. Makocha wakuu hubadilishwa, na anayekuja huja na watu wake. Andikeni kifungu kinachosema kwamba benchi likivunjwa, anarudi kuwa mkuu wa soka la vijana kwa mshahara usiopungua aliokuwa nao alipopanda, na michango yake ya NSSF haikatiki katikati. Bila kifungu hicho anafukuzwa na watu ambao hata hakuajiriwa nao, na klabu inapoteza kocha wa vijana mara mbili.

Ndani ya mkataba huo huo iwekwe saa moja kwa wiki, Jumatano jioni, ya kurudi kwa U-17. Asiongoze chochote. Asimame pembeni na daftari, aongee na mrithi wake baada ya mazoezi, na jina la kijana mmoja aliyemwona amepanda kiwango alipeleke kwa kocha mkuu kesho yake asubuhi.