Altezza yangu na springi zilizokatwa na grainda: anza kuirudisha kabla hujaongeza kitu

Mwaka 2019 nilinunua Toyota Altezza RS200 kwa jamaa mmoja Tabata, nyeusi, giaboksi ya mkono gia 6, na anaezijua hizi gari anajua Dar kuipata ya mkono ni shughuli maana nyingi zilizoingia ni otomatiki, kwahiyo nilivyoiona tu akili ikaruka, sikukagua chochote, nikalipa. Ilikua chini sana, rimu kubwa, ekzosi unaisikia toka mtaa wa tatu. Nikajua nimepata gari ambayo imeshatengenezwa, kazi yangu mimi ni kuendesha tu.

Miezi mitatu baadae nikajua nimenunua gari ambayo wenzangu waliotangulia wameikata, wameitoboa, wamechomoa vitu na hakuna aliekumbuka kuandika popote alichofanya. Ndo maana wadogo zangu mnaoniuliza kila siku "bro nianze na nini kwenye Alteza yangu, tabo, koilova au ekzosi?" jibu langu linawaboa lakini silibadilishi: irudishe kwanza ilivyotoka kiwandani. Uiendeshe hivyo angalau miezi kadhaa. Uijue yenyewe ikoje, alafu ndo uongeze.

Maana hii gari tunaichukulia poa kwasababu zimejaa mtaani. Ilitoka 1998 na mwaka huohuo ikachukua tuzo ya gari bora ya mwaka Japani, mhandisi mkuu wake alikua Nobuaki Katayama, ndo hiyohiyo Ulaya wanaiita Lexus IS200. Hii ya RS200 ina injini ya 3S-GE ambayo Toyota walishirikiana na Yamaha, silinda 4, lita 2, haina tabo ya kuisukumia hewa lakini ya mkono inatoa nguvu za farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, yani inataka uikimbize juu kule ndo inaamka. Inasukuma nyuma, na miguu yote minne (yani springi, shokapu na vyuma vinavyoshika tairi) ina mikono miwili, wa juu na wa chini, kitu ambacho gari nyingi za bei yake hazina. Sasa watu wamekaa miaka wanapima springi na shokapu ziendane na hiyo miguu, alafu we unakuja na grainda.

Ndo ilivyokua kwangu. Gari ilikua inadunda mpaka mgongo unauma, nikaipeleka kwa mzee mmoja ana gereji Buguruni, fundi wa miguu wa zamani. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba uniangalizie shokapu, nahisi zimekufa." Akaipiga jeki, akaingiza mkono, akaniita. "Mwanangu njoo uone. Shokapu imekufa ndio, ila aliyeiua ni huyu hapa." Mwisho wa springi ulikua mkato mweupe wa grainda, mzunguko mmoja na zaidi haupo, na gari ikiwa juu springi inazunguka kwa mkono, haijakaa kwenye kiti chake kabisa.

Nielezee hapa kidogo kwasababu bado watu wanakata mpaka leo. Springi ukiikata inakua fupi, hiyo unaijua, ila inakua na ngumu zaidi pia. Shokapu yenyewe ni ileile iliyotengenezwa kwa springi ndefu na laini, kwahiyo sasa inaanza kazi ikiwa imeshazama, nafasi iliyobaki ni ndogo, kila tuta inagonga mpira wa mwisho mpaka inavuja. Na ukiruka tuta mguu ukining'inia springi inaachia kiti, ikirudi inaweza kurudi vibaya, fikiria hiyo ukiwa spidi mia. Alafu miguu imebadilika pembe, tairi linalala kwa ndani. Mimi zangu za nyuma ukiziangalia umesimama unasema mpya, nililala chini na tochi nikakuta upande wa ndani waya zinaonekana. Nilikua nimeshaenda nazo Morogoro na kurudi mara mbili, na mdogo wangu yupo kiti cha pembeni.

Nikatafuta springi za kiwandani kutoka kwa wauza spea used wa Ilala, zile za gari zilizokatwa Japani, springi used haina shida kama haijapasuka wala kuliwa na kutu. Shokapu usinunue used kabisa, hata kama muuzaji anakuminyia hapo mbele yako inarudi vizuri, nunua mpya. Nikabadili bushi (mipira) za mikono ya chini na boljointi za chini za mbele, yani viungo vinavyoushika mguu wa tairi, hizi boljointi ni ugonjwa unaojulikana wa Altezza na ndugu zake wote kwahiyo ukinunua tu ziangalie: nyanyua gari, shika tairi juu na chini, mtu mmoja avute asukume, mwingine aangalie pale chini kwa tochi. Ikicheza hata kidogo toa. Ikichomoka mwendoni tairi linalala.

Siku niliyotoka wili alaimenti, kunyooshewa tairi, na hiyo miguu ya kawaida nikaingia barabara ya Nelson Mandela narudi nyumbani, jamani, ilikua gari nyingine. Usukani unakwambia barabara ikoje. Kona ya kuingia kwetu ambayo nilikua napita naogopa, ikapita kama maji. Sikua nimeongeza farasi hata mmoja.

Baada ya hapo kitu cha pili ni maji, namaanisha kupoza injini. Nilishangaa mbona mshale wa temprecha nikiwa Bagamoyo Road usiku unashuka chini kabisa, alafu kwenye foleni ya mchana unapanda. Fundi wa kwanza akanambia ndo kawaida ya Alteza. Sio kawaida. Themostati ilikua imetolewa. Hii tabia ya kutoa themostati eti Dar joto haihitajiki imeua injini nyingi sana. Ile kitu inafunga maji yasizunguke mpaka injini ifike nyuzi 80 na kitu, ikishafika inafungua. Ukiitoa, ukiwa mwendo wa barabara kuu injini haifiki joto lake, kompyuta inaona bado baridi inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili haifikii joto la kufanya kazi vizuri, pete za pistoni na silinda zinalika. Na ukiona gari inachemka bila themostati basi ugonjwa upo sehemu nyingine, rejeta imeziba, feni, mfuniko wa rejeta, waterpampu, na ule ugonjwa bado upo tu umefunikwa.

Rejeta yangu ilikua imeziba. Ilikua inajazwa maji ya kisima, na maji ya visima vingi vya Dar tunayajua, yana chumvi, hata sabuni haitoi povu vizuri, sasa hayo uyachemshe ndani ya aluminiamu miaka mitatu. Yaliyotoka yalikua rangi ya chai ya maziwa. Weka kulanti (maji maalum ya kupozea injini) ya kueleweka, kama ni ya kuchanganya changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kiwandani yasio na chumvi wala asidi, andika tarehe, basi.

Breki sasa. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mwaka 2020 nilitoka Iringa narudi Dar, tukaanza kushuka mlima Kitonga. Mnaoijua Kitonga mnajua, kona zimebana, malori yamejipanga mbele na nyuma, ukuta upande mmoja na korongo upande wa pili. Nilikua nashuka na gia ya 4 nashika breki kila kona, nilikua sijui. Katikati ya mlima pedeli ikaanza kuwa laini kama sponji, nakanyaga inaenda chini zaidi, mara nyingine ikafika karibu na kapeti. Nikapampu, nikarudisha gia ya 3, alafu ya 2, injini ikapiga kelele lakini gari ikashikwa, nikashuka hivyohivyo mpaka chini nikaenda kupaki Ruaha Mbuyuni pale kwenye vitunguu. Mikono ilikua inatetemeka nikashindwa hata kufungua chupa ya maji.

Pedi zilikua nzima. Disiki nzima. Shida ilikua breki fluidi, yani mafuta ya breki. Ile fluidi inanyonya unyevu wa hewani pole pole, na sisi wa pwani hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, unyevu ukiingia inachemka kwenye joto dogo zaidi, ikichemka inatoa mapovu, na mapovu yanaminyika ndo maana pedeli inazama. Nilivyoibadili ilitoka nyeusi kama kahawa. Weka aina ya DOT 4, badili kila miaka 2, watoe upepo kwenye breki za tairi zote nne, ni kazi ya saa moja na ni hela ndogo kuliko kitu chochote utakachonunua kwenye hii hobi. Na kalipa (zinazobana pedi) za nyuma za Altezza zinapenda kuganda, ukiona rimu moja ya nyuma ni ya moto sana kuliko mwenzake baada ya safari, pini za kalipa zimekauka, fungua, safisha, weka grisi ya breki. Hii ukiifanya ndo unaweza kuongea habari za kuongeza nguvu. Kushuka Kitonga siku hizi nashuka na gia ya 2 toka juu kabisa, breki nagusa tu.

Tairi: soma zile namba 4 za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usiweke tairi la mtumba la miaka 8 kwenye gari inayosukuma nyuma, masika Dar ikinyesha mvua ya kwanza barabara ina mafuta na vumbi, mgongo wa gari unaondoka wenyewe.

Sasa haya mambo ya kuongeza. Nimeshafanya kadhaa na nasema ukweli ulivyo. Ile filta ya wazi ya koni inayopiga mluzi nilikuta imefungwa, nikaitoa, nikatafuta boksi la kiwandani, na gari ikawa nyepesi zaidi mchana. Boksi la kiwandani linavuta hewa ya nje, ile koni ilikua imekaa ndani ya boneti bila kizuizi inavuta hewa iliyopikwa na rejeta, na hewa ya moto ni hewa nyepesi, injini inapata pungufu. Ukitaka koni lazima uijengee ukuta na bomba la hewa ya nje. Ila usilipeleke bomba chini kabisa kwenye bampa kama wanavyofanya wazungu kwenye video, barabara ya Jangwani ikijaa mvua ikinyesha utanyonya maji, maji hayaminyiki, koneodi (chuma kinachoshika pistoni) inapinda na injini imeisha pale pale.

Ekzosi nilirudisha ya kati ya kiwandani yenye masega ya kusafisha moshi, nikabadili ya nyuma tu, sauti nzuri ya chini haisumbui. Aliyetoa masega aliacha taa ya cheki injini inawaka muda wote, na taa ikiwaka muda wote siku ikitokea shida ya kweli hutaijua. Na pia mimi naishi na watu, jirani yangu ni mama mtu mzima na alikua ananiambia kwa upole, "Baba, mtoto ndo amelala," kila nikirudi saa 5 usiku. Inaniuma mpaka leo kwamba ilibidi aniambie mara tatu.

Koilova, yani springi na shokapu za pamoja unazoweza kupandisha na kushusha, niliweka mwaka 2022, nimeshusha sentimita 3 tu, na inapita matuta yote ya kwetu nikiingia kwa pembeni. Huo ndo utengenezaji niliofurahia kuliko wote kwasababu nilikua naijua gari ilivyokua kabla, niliweza kusema hapa imekua bora, hapa imekua ngumu mno nilegeze shokapu klik mbili.

Taimingi belti (inayofanya valvu ziende sawa na pistoni) badili siku unaponunua, usiamini kilomita za dashibodi, kiwandani wanahesabu kilomita 100,000 lakini we hujui imetembea ngapi kweli. Toa na tenshena (kikaza belti) na waterpampu hapohapo maana gharama kubwa ni kufungua. Hii 3S-GE belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Plagi na koili zinazozipa moto nunua kwa mtu unayeweza kurudi kwake, feki ni nyingi, mimi niliuziwa plagi 4 kwenye boksi zuri kabisa, injini ikaanza kumisi, inakatakata, baada ya wiki 2, nilivyozifungua ncha zake zilikua zimeshaungua.

Na nunua daftari. La kawaida la kaunta, liwe kwenye dashibodi. Kila kilichofanyika, tarehe, kilomita, fundi nani, spea imetoka wapi. Oili pia, 3S-GE zilizozeeka zinakula oili na kwenye mzunguko mkubwa zinakula zaidi, mimi napima kila Jumapili asubuhi naandika imeshuka kiasi gani, ndo nilivyogundua kava ya valvu inavujia kwenye visima vya plagi kabla haijaua koili.

Kwa anaetaka kununua sasa hivi, za mwisho zilitoka 2005 kwahiyo zote ni za miaka mingi, usitafute iliyopambwa, tafuta iliyolala kwa mtu mzima hajaigusa, hata kama rangi imepauka. Nenda na jeki yako na tochi, lala chini angalia mwisho wa springi. Gusa sakafu ya buti na kingo za milango kama imekaa sana Kigamboni au Mbezi Beach upepo wa chumvi unazila. Na mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike, uisikie ikiwa baridi kabisa, taa ya cheki injini iwake ukigeuza swichi na izime ikishawaka injini, maana kuna wanaotoa balbu. Ukifika ukakuta boneti ni ya moto na anakwambia "nimekupashia bosi", muage vizuri, urudi kesho yake alfajiri.