Ganda la nungunungu wa baharini linajengwa na nani?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nimeokota ufukweni ganda la nungunungu wa baharini. Miiba imekwisha, limebaki jeupe, duara kama chungwa lililobonyezwa, lina vitundu vilivyopangwa safu safu. Baba ni mvuvi, anasema ni chumvi ya bahari iliyomgandia mnyama. Ni kweli? — Msomaji, Msambweni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yuko karibu na ukweli, maana kalsiamu iliyomo humo imetoka kwenye maji ya bahari. Ila haikujigandia tu. Mnyama ameijenga mwenyewe, tena ndani ya mwili: akiwa hai, hilo ganda hufunikwa na ngozi nyembamba, kwa hiyo ni mifupa yake. Kwenye vile vitundu hupita miguu yake laini ya kujishikiza.

Kazi huanza mapema mno. Yai likigawanyika hadi seli 16, seli 4 za upande mmoja huwa ndogo kuliko nyingine zote. Katika uzao wa hizo ndimo wanamotoka mafundi wa mifupa. Huingia ndani ya kiinitete, hutambaa, hujipanga duara, kisha huungana. Mwaka 1975 Kayo Okazaki wa Japani alizitenga seli hizo ndogo, akazikuza peke yake katika maji ya bahari yaliyotiwa seramu (majimaji ya damu) ya farasi. Zikajenga vijiti vya mifupa, na mwili wenyewe haupo! Nilipolisoma hilo chuoni nilirudia ukurasa ule mara tatu.

Vijiti hivyo nimeviona kwa macho yangu. Lava wa nungunungu, yaani mtoto wake mchanga, ni mdogo kama punje ya mchanga, mwili wake kama kioo. Nilizungusha vichujio viwili vya mwanga vya hadubini mpaka kila kitu kikawa cheusi ti, isipokuwa mifupa: iliwaka. Nikageuza sahani taratibu, kijiti kizima kikazimika kwa mara moja, na mikunjo yake yote. Kingekuwa fuwele nyingi, yaani vipande vingi ambavyo kila kimoja chembe zake zimejipanga kivyake, vingezimika kwa zamu. Maana yake kijiti hicho, pamoja na kupinda kwake, ni kama fuwele moja tu ya kalsiti, yaani kalsiamu kabonati iliyojipanga. Angalia punje ya chumvi ya jikoni, nayo ni fuwele, kingo zake zimenyooka. Hii inapindaje? Mwaka 1997 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha kwamba seli huweka kwanza kalsiamu kabonati isiyo na mpangilio wa fuwele, ambayo hugeuka kalsiti baadaye, ikiwa imeshapata umbo.

Mafundi huelekezwa na seli za ngozi zilizo jirani, zinazotoa protini iitwayo VEGF. Ukiizuia, vijiti havijengwi. Wewe pia unayo, mwanangu. Kwako huongoza mishipa ya damu inapoota. Smadar Ben-Tabou de-Leon wa Chuo Kikuu cha Haifa na wenzake waliandika mwaka 2019 kwamba jeni zinazoongoza kazi hii zinafanana mno na zile zinazojenga mishipa kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Kwa maoni yao, nungunungu alirithi mpango wa kale wa kutengeneza mirija, akautumia kujengea mifupa. Mimi naona wana hoja nzito, kwa sababu kijiti kweli hukua ndani ya mfereji ambao seli zimeutengeneza kwa kuungana.

Sasa chukua kipande kilichovunjika, kidondoshee siki mbele ya Baba. Kitatoa povu, chumvi haitoi. Kipande kingine kipeleke shuleni, ukiweke chini ya hadubini: utaona kimejaa vinafasi kama sponji. Umpe Baba naye achungulie.