Mama anakumbuka ya 1961, ya asubuhi yanampotea

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 74 na ametumia metformini kwa ajili ya kisukari kwa miaka mingi. Tangu mwaka jana amekuwa akirudia swali lile lile hata mara tatu ndani ya saa moja, na juzi aliutia mchuzi chumvi mara mbili. Lakini ukimwuliza habari za usiku wa Uhuru wa 1961, atakueleza hadi rangi ya kanga aliyovaa bibi. Ndugu zangu wanasema ni uzee tu. Je, wanasema kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kanga ya bibi isiwatulize. Mambo ya utotoni yamesimuliwa mara nyingi hata yakakita mizizi katika sehemu nyingi za ubongo, ilhali jambo la asubuhi ya leo huhitaji sehemu ndogo iitwayo hipokampasi ili lihifadhiwe, na aghalabu hiyo ndiyo hutangulia kudhoofika. Neno "uzee tu" limewachelewesha wazee wengi kupata matibabu.

Hata hivyo, uliyoyaeleza hayatoshi kusema kwamba ana demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kujitegemea. Ikiwa bado anajipikia, anahesabu chenji yake na kwenda sokoni bila kupotea, huenda ni upungufu mdogo wa kumbukumbu, ambao kwa baadhi ya watu huzidi, kwa wengine hubaki ulivyo, na wapo wanaopata nafuu. Lililonisimamisha katika barua yako ni metformini, kwa kuwa ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo hudhoofisha kumbukumbu, ingawa hutibika. Asiiache dawa hiyo kwa uamuzi wake. Mpelekeni hospitali apimwe B12, tezi ya shingo, sukari na shinikizo la damu, mkiwa mmebeba dawa zake zote, zikiwemo za mafua na za usingizi anazojinunulia dukani, kwani baadhi yake huwavuruga wazee kumbukumbu. Masikio nayo yapimwe, maana asilolisikia vizuri hawezi kulikumbuka. Mwambieni daktari pia kama amekuwa na huzuni ya muda mrefu.

Nyumbani, nawaomba msimwambie "nimeshakujibu", wala msimtahini mbele ya wajukuu. Mjibuni upya kwa sauti ile ile ya kwanza. Na habari za ile kanga, mwulize tena jioni moja, uzirekodi kwenye simu angali anazisimulia mwenyewe.